Mkwe Asiyekula Chapati: Kutoka Mumbuni Hadi Kivaa

Desemba iliyopita niliitwa Kivaa kwa wakwe zangu kujibu mashtaka mawili. Shtaka la kwanza ni kwamba Krismasi ya mwaka uliotangulia nilikataa chapati za mama mkwe. La pili ni kwamba siku hiyohiyo kanisani, watu wazima wote wa ukoo walipoinuka kwenda kupokea komunyo, mimi nilibaki kwenye benchi nikitazama viatu vyangu. Pale Kivaa mambo hayo mawili yalikutanishwa, yakazaa la tatu: kwamba Musyoka, yaani mimi, fundi wa cherehani wa Machakos, ana mwanamke mwingine mjini, na dhamiri yamsuta hata hawezi kumeza.

Ukweli wenyewe ni mdogo zaidi na hauna mwanamke ndani yake. Nina ugonjwa unaoitwa siliaki. Ngano ikiingia tumboni mwangu, hata kidogo, matumbo huigeuzia vita, na uwanja wa vita ni mimi. Shayiri nayo ni vivyo hivyo, ndiyo sababu niliachana na bia bila kuokoka. Kabla daktari mmoja wa Nairobi hajaupata ugonjwa huo, nilikuwa nimetibiwa amiba katika kila zahanati ya mji wetu, hadi nikaamini nilizaliwa nayo. Nilitibiwa taifodi. Nilitibiwa vidonda vya tumbo. Jirani yangu wa Mumbuni alikuja akaniombea kwa kuniwekea mikono, na alipomaliza akanikaribisha kwake chai na mandazi, nikaugua upya. Mafundi wenzangu waliposikia jina la ugonjwa walisema hayo ni mambo ya wazungu, na kwa muda wakaniita Mzungu wa Tumbo.

Mtu ataniuliza mbona sikumweleza mama mkwe mambo haya mapema. Anayeuliza hivyo hajaoa Ukambani. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni, yaani ile haya na heshima kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hatusalimiani kwa mikono, hatuli pamoja, hatutazamani usoni. Nikikutana naye njiani, yeye huingia kichakani upande mmoja nami upande wa pili, kila mtu akajifanya anatafuta kuni. Sasa mama wa namna hiyo utaanzaje kumsimulia habari za kuhara?

Mke wangu, Mwende, alijaribu kumweleza kwa simu. Mama yake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, hata mimi nilimfichia baba yako aibu nyingi." Basi ushahidi wa Mwende ukatupwa. Mambo ya mkwe, kwa desturi, hupitia kwa mwanamume wa boma. Na mwanamume huyo ni Kioko, kaka yake Mwende, mwenye duka la misumari na mabati kule Masii. Ndiye aliyenipigia.

"Shemeji," alisema, "mama anasema uje kabla ya Krismasi. Na anasema uje na mdomo."

Asubuhi ya safari, nyumbani Mumbuni, nilifunga mzigo wangu mwenyewe. Niliweka unga wa wimbi, viazi vitamu vilivyochemshwa, sufuria yangu na mwiko wangu, kwa sababu mwiko uliozoea ngano ya watu hauaminiki hata ukioshwa. Mwende alikuwa amefunga sukari, mchele na blanketi ya kumpelekea mama yake. Alisimama mlangoni akitazama sufuria yangu ikichungulia nje ya begi.

"Watu wakienda kwa athoni, kwa wakwe, hubeba zawadi," alisema. "Wewe unabeba sufuria kama mtu aliyefukuzwa."

Tulipitia sokoni mjini kuongeza unga wa mtama. Desemba soko la Machakos linanifaa: maembe yamejaa, maboga yapo, mboga ni mbichi. Shida yangu si kilicho sokoni, ni kikombe cha kupimia. Nilimwomba mama wa unga anipimie kwa kikombe ambacho hakijaingia gunia la ngano.

"Kwani ngano ni sumu?" aliuliza.

"Kwangu mimi ni sumu."

Alinitazama kwa huruma ya kweli, jinsi watu wanavyomtazama mfiwa. "Na hii Krismasi utakula nini, baba?" Kisha akakipangusa kikombe kilekile kwa kanga yake, akaniambia sasa kiko safi. Niliondoka bila unga.

Masii tulifika adhuhuri, siku ya soko, barabara imejaa mbuzi na watu wanaobishana juu ya mbuzi. Kioko alikuwa anafunga duka. Kwa kuwa safari ilikuwa bado ndefu, alitupeleka hotelini kwanza. Kijana wa kuhudumu akaja na kitambaa begani.

"Tuko na chapo ndengu, chapo nyama, chapo maharagwe," alisema.

"Bila chapo je?" niliuliza.

Alifikiri. "Bila chapo tuko na mandazi."

Nikaomba chai ya rangi, nikatoa kiazi changu mfukoni nikakila pale mezani huku watu wa meza ya pili wakinitazama. Kioko alikuwa anapasua chapati yake vipande vipande, taratibu, na alionekana kwa mara ya kwanza kuamini kwamba jambo hili si mchezo.

Kutoka Masii tuliondoka na pikapu yake, tukakata kupitia Mwala na kupanda Yatta. Mvua za Novemba zilikuwa zimefanya kazi yake. Nchi ambayo Septemba huwa na rangi ya mkate ulioungua ilikuwa kijani hadi kwenye vilima, na mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Njia yote hiyo nilimfundisha Kioko. Nilimweleza kwamba ngano hujificha: iko kwenye chapati na mandazi, ndiyo, lakini pia iko kwenye soseji, kwenye tambi, kwenye unga wa kuongezea mchuzi uzito, na kwenye mafuta yaliyokaangia vitu hivyo. Nilimweleza kwamba hata hostia ya kanisani ni ngano tupu. Nilimweleza kwamba sichagui, wala sijaokoka mahali, wala sina mtu mjini.

"Rudia," nilimwambia tulipoiona barabara ya Garissa.

Akarudia yote, neno kwa neno, hata soseji. Mwende alimpigia makofi. Mimi nikatulia, nikaona nimepata wakili.

Tulifika Kivaa jua likiwa bado juu kiasi. Binti yetu Ndanu, aliyekuwa kwa nyanya yake tangu shule zifungwe, alikuja mbio akiwa na embe kila mkono. Mama mkwe nilimwona kisigino tu, akiingia jikoni. Sauti yake ikatoka ndani ikiuliza kama wageni wamefika salama, nami nikaujibu ukuta kwamba tumefika salama. Nikakaribishwa sebuleni. Kioko akaingia jikoni kunitetea.

Hakukaa. Hata kiti sikuwa nimekipata vizuri.

"Umemwambia yote?" niliuliza aliporudi.

"Yote."

"Na amesemaje?"

"Amesema sawa."

Chakula kilipoletwa, nililetewa ugali wa mahindi na kuku wa kienyeji aliyechemshwa kwa subira, mchuzi wake mzito, na sukumawiki pembeni. Chapati haikuwepo hata moja. Kuku mwenyewe, Ndanu aliniambia, alikuwa yule mwekundu anayetaga vizuri kuliko wote. Nilikula kwa shukrani na kwa njaa ya safari, nikaongezewa, nikala tena. Nakumbuka nikimwambia Mwende kwamba mambo yangeweza kuwa rahisi hivi tangu mwanzo.

Jua lilipoelekea kuzama tumbo lilianza kuninong'oneza. Choo cha boma lile kiko nyuma ya zizi, na njia ya kwenda huko ni moja, nayo hupita mbele ya mlango wa jikoni. Nilipita mara ya kwanza kwa mwendo wa heshima. Mara ya pili niliharakisha. Baadaye sikuhesabu tena, na heshima niliiacha njiani. Kila nilipopita, mazungumzo ya jikoni yalikatika, na nikishapita yakaanza tena kwa sauti ya chini.

Mwishowe miguu iliniishia. Niliketi kwenye jiwe kando ya ghala la nafaka, jasho baridi likinitoka. Ndipo nikasikia mtu akiketi upande wa pili wa ghala. Alikohoa kidogo.

"Wewe ghala," sauti ya mama mkwe ilisema, "muulize Baba Ndanu kama ni chakula changu."

Alisema kwa Kiswahili. Nyumbani mle sote tunazungumza Kikamba, lakini kwangu alichagua lugha ya ofisi na ya mapadre, naona kwa sababu Kikamba kingetuweka karibu mno. Nami nikamfuata.

"Ghala, mwambie mama kwamba pengine kuna kitu kwenye mchuzi."

Nilisikia kuku wakigombania nafasi ya kulala.

"Niliambiwa hali chapati," akasema. "Sikupika chapati. Lakini mchuzi ulikuwa mwepesi, nikatia unga wa ngano ndio ushike. Ilikuwa kijiko moja."

"Hata kijiko kimoja, mama."

"Hata kijiko?" Akafikiri juu ya hilo. "Kioko alisema maneno mbili tu. Hali chapati. Mi nikajua ni maringo ya town."

Hapo ndipo nilipojua wakili wangu alivyonitetea. Mafunzo yote tangu Masii, pamoja na soseji, Kioko aliyafupisha kwa maneno mawili. Baadaye alijitetea kwamba mtu hawezi kumsimulia mama yake habari za matumbo ya mkwe wake, naye pia ana nthoni yake.

Basi nilimweleza mwenyewe. Sikuwa na nguvu za kuona haya. Nilimweleza habari za zahanati, na amiba niliyotibiwa bure, na jinsi nilivyopungua hadi suruali zikanikataa. Mwanzoni kila sentensi niliipitishia kwa ghala, naye maswali yake aliyapitisha hukohuko, lakini ghala lilisahauliwa haraka. Alitaka kujua kama ni ugonjwa wa kuambukiza. La. Kama Ndanu anao. Tulimpima, hana kwa sasa. Kama kuna dawa.

"Dawa ni kuiacha ngano maisha yote," nilisema.

"Na kanisa?"

"Ile hostia ni ngano, mama."

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia tangu nimwoe binti yake. Mama mkwe alikuwa anacheka, polepole, kama mtu anayejizuia matangani.

"Mwaka mzima," alisema, "kila Ijumaa nafunga. Naomba huyo mwanamke akuwache urudi kwa mtoto wangu. Kumbe nimefunga juu ya mkate."

Nilipotaka kuomba radhi, sauti yake ikabadilika, ikawa nzito.

"Nilikuchinjia kuku yangu nzuri," alisema, "nikakulisha ugonjwa. Hiyo usiniwekee moyoni."

Nikamwambia sina cha kuweka. Akaondoka, na baadaye kidogo Mwende akaniletea uji wa wimbi uliopikwa kwenye sufuria yangu mwenyewe, umekorogwa kwa mwiko wangu. Mzigo wa mtu aliyefukuzwa ulikuwa umepata kazi.

Asubuhi iliyofuata nilikuta sufuria zote za boma ziko nje, zimesuguliwa kwa majivu na mchanga hadi zinaumiza macho. Nilipoweza kutembea vizuri, mama mkwe alimtuma Ndanu aniambie nimfuate shambani. Yeye alitangulia, jembe begani, bila kugeuka. Mimi nilifuata kwa mbali. Hivyo ndivyo tulivyozungumza, yeye akiambia vilima na mimi nikiambia mgongo wake.

Alinionyesha mashamba yake kama mtu anayefungua kabati. Ndengu hizo, alisema, zitakauka Januari. Mtama ule pembeni utaiva Februari ukinusurika na ndege. Mbaazi zitanisubiri hadi baridi ya Julai, na muhogo hauna msimu, unakaa tu ardhini ukimngojea mwenye shida. Maembe niliyaona mwenyewe.

"Sasa," alisema, akasimama, bado amenipa mgongo, "mwezi wa kumi unakulanga nini?"

Swali hilo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza, hata daktari. Mwezi wa kumi ndio mgumu kwangu. Nafaka ya nyumbani huwa imekwisha, mvua hazijaja, na kila nyumba Ukambani huishi kwa vitu vya dukani: mkate, ngano, tambi. Mtama sokoni huwa haba na umechanganywa na kila kitu. Mwezi huo mimi hula viazi mpaka nichoke, na nikichoka nakula viazi.

Nilimweleza hivyo. Alitikisa kichwa, akapiga jembe ardhini mara mbili tatu bila sababu.

"Mi najua huo mwezi," alisema. "Nimelea watoto kwa huo mwezi."

Tulirudi nyumbani kwa mpangilio uleule.

Siku ya Krismasi tulikwenda kanisani mapema. Mama mkwe alikwenda mapema zaidi. Nilimwona kwa mbali akizungumza na katekista, mzee Mbithi, na katekista akitikisa kichwa kukataa, kisha padre alipowasili mama mkwe akamwita yeye pia, akaanza kueleza upya huku akionyesha tumbo lake mwenyewe. Mama asiyeweza kunitazama usoni alikuwa anatangaza matumbo yangu mbele ya altare.

Padre aliniita nje. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Ungesema tu," aliniambia. "Kikombe peke yake kinatosha. Hupungukiwi na kitu."

Komunyo ilipofika niliinuka pamoja na wengine. Kanisa zima lilinigeukia. Nilihisi macho mgongoni kama jua la saa nane. Padre akaniinamishia kikombe kabla hakijaguswa na hostia, nikanywa, nikarudi kwenye benchi. Mwende alinishika mkono, jambo ambalo hafanyi mbele ya watu wa kwao.

Nje, baada ya misa, uvumi mpya ulikuwa tayari. Nilipopita nyuma ya kundi la akina mama nilimsikia mmoja akimuuliza mama mkwe, kwa sauti tamu, kama siku hizi mkwe wake anapewa divai peke yake kwa sababu ameizoea kule mjini.

"Huyo mwili wake unakataa ngano," mama mkwe alimjibu. "Ni ugonjwa. Ingekuwa dhambi angeungama ikaisha."

Mama yule akageukia habari za kwaya.

Mchana, chapati zilipikwa, maana Krismasi ni Krismasi. Lakini jiko la chapati lilipelekwa ng'ambo ya boma, upande ambako upepo hauniletei unga, na aliyeketishwa huko kuzisukuma, zote, za ukoo mzima, ni Kioko. Mama yake hakumwambia ni adhabu. Alimwambia maneno mawili tu: "Sukuma chapati." Mimi niliketi sebuleni na sahani ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa kwa kinu, na ndengu na kuku. Safari hii mchuzi ulikuwa mwepesi kama chai, na sijawahi kunywa mchuzi mtamu kama ule.

Tuliondoka Kivaa baada ya mwaka mpya. Nilikuwa na hofu kidogo ya kuagana, kwamba pengine mambo ya ghala yamevunja nthoni na sasa tutalazimika kushikana mikono kama watu wa benki. Lakini alipotuona tunabeba mizigo aliingia jikoni, na sauti yake ikatutakia safari njema kupitia ukutani. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

Njiani kurudi, Yatta ikiwa bado kijani, nilitafakari nilichojifunza. Kwa muda mrefu nilidhani ugonjwa huu ni habari yangu na sahani yangu. Nilimaliza siku nikisema "nimeshiba", "asante, baadaye", nikaona ni adabu. Lakini kwetu chakula ni neno ambalo mtu anakuambia, na ukikisukuma pembeni bila maelezo, aliyepika atajitungia maelezo mwenyewe, na maelezo yake yatakuwa mabaya kuliko ugonjwa wenyewe. Afadhali aibu ya kusema kuhara mbele ya ghala.

Mvua za Machi zilipofika, Mwende alipigiwa simu. Mama yake alikuwa amepanda mtama mahali alipokuwa akipanda mahindi, shamba lote la chini, na majirani wanamcheka kwa sababu mtama ni karamu ya ndege. Hakumtuma Kioko tena. Juni simu yangu mwenyewe ililia, nikasikia mtu akikohoa kidogo.

"Baba Ndanu," alisema, "huu mtama ni wa tumbo yako mwezi wa kumi. Kuja ufukuze ndege."

Nilifunga karakana nikaenda. Tangu asubuhi hadi jua linazama nilisimama upande mmoja wa shamba nikipiga debe, na mama mkwe akasimama upande wa pili akipiga lake, tumepeana mgongo kwa heshima, ndege wakiruka kutoka kwake kuja kwangu na kutoka kwangu kwenda kwake, hadi wakachoka.